Nani Yumo Kwenye Daftari? Historia ya Halmashauri Yetu ya Mildura

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Mildura, jimbo la Victoria, Australia. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu ya msimu wa kuchuma zabibu, na mmeniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, vijana, na nyie watoto mliokaa hapa mbele, habari za jioni. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka moja kwa moja shambani na migongo bado inauma.

Nimeombwa niseme juu ya halmashauri ya mji wetu, ilitoka wapi na imefikaje hapa. Naomba nianze kwa kuwauliza. Wiki hii nani kati yenu alikuta pipa la taka limeshachukuliwa na gari? Nani alimpeleka mtoto kliniki akapimwa uzito? Nani alikaa maktaba na mwanawe kwa sababu nyumbani kuna joto? Nyote mmeitikia. Basi nyote mmekutana na halmashauri wiki hii.

Sasa swali la pili. Inueni mikono. Nani anajua jina la diwani wa kata yake?

Naona mikono minne. Minne, ndugu zangu, kwenye ukumbi uliojaa hivi.

Siulizi ili kumwaibisha mtu. Nauliza kwa sababu ya baba yangu. Baba alilima tumbaku Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa zaidi ya miaka ishirini. Wazee mliotoka Katumba na Mishamo mnayajua maisha hayo. Kila msimu tumbaku ilipopimwa, ushuru ulikatwa palepale, kabla pesa haijagusa mkono wake. Baba hakulalamika, alisema barabara haziji zenyewe. Lakini siku ya uchaguzi ikifika, majirani Watanzania wa vijiji vya nje wakipanga foleni, baba alibaki barazani anasuka kamba. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alihesabiwa kwenye kitabu cha ushuru, kwenye daftari la wapiga kura hakuwemo.

Nimeisoma historia ya halmashauri za mashambani za Australia nikiwa na picha hiyo ya baba kichwani. Na kila nilipofungua ukurasa nikakuta jambo lilelile. Nani analipa? Na nani yumo kwenye daftari? Hayo maswali mawili ndiyo yaliyoijenga halmashauri hii, ndiyo yaliyoivunja, ndiyo yaliyoifanya iwe ilivyo leo.

Tuanze mbali kidogo.

Kabla ya halmashauri yoyote, kando ya mto huu wa Murray waliishi watu. Walatji Latji waliishi, Wabarkindji waliishi, na jirani zao, kwa maelfu ya miaka. Walikuwa na wazee wao, mipaka yao, na sheria za nani avue wapi. Wafugaji wakubwa wa kondoo walipofika katikati ya miaka ya 1840, sheria hizo hazikuandikwa popote kwenye vitabu vya serikali mpya. Ardhi ilichukuliwa. Na kwa kuwa baadaye haki ya kupiga kura ya halmashauri ilitokana na kumiliki au kukalia ardhi inayolipiwa kodi, mnaona wenyewe kilichofuata. Mwenye nchi alinyang'anywa ardhi, kisha akaambiwa kura ni ya wenye ardhi. Naomba tusilipite jambo hili haraka. Kila nitakalosema kuanzia hapa limejengwa juu ya udhalimu huo.

Sasa njooni mwaka 1851. Victoria inajitenga na New South Wales, na mwaka huohuo dhahabu inapatikana. Watu wanamiminika kutoka Uingereza, China, Amerika, kila pembe. Mikokoteni inazama kwenye matope. Magurudumu yanavunjika, farasi wanakufa njiani. Serikali iko Melbourne, haina watu wa kutosha wala fedha za kutosha kuchonga kila njia ya kila shamba. Wakafanya nini? Mwaka 1853 wakatunga sheria ya barabara. Iliwaambia watu wa mashambani: chagueni bodi yenu, tozeni kodi kwenye ardhi yenu, tengenezeni barabara yenu, na sisi tutaongeza kidogo.

Kwa hiyo halmashauri ya mashambani ya Victoria ilizaliwa na barabara. Mnisikie vizuri hapo. Haikuzaliwa na ukumbi, wala joho la meya, wala bendera. Ilizaliwa na shimo la barabarani na watu waliochoka kuzama humo. Mwaka 1863 sheria ikapanua mambo, bodi za barabara zikaweza kuwa wilaya kamili. Wenyewe waliziita Shire, jina la kale walilokuja nalo kutoka Uingereza.

Na nani aliyechagua? Aliyelipa kodi ya ardhi. Wala kura hazikuwa sawa. Mwenye mali ndogo alikuwa na kura moja, mwenye mali kubwa aliweza kuwa na kura hadi tatu. Kibarua aliyekuwa hana kitu zaidi ya mikono yake, yule aliyeichonga hiyo barabara kwa sururu, hakuwa na hata moja.

Lakini hapohapo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1863 bunge la Victoria lilitunga sheria ya uchaguzi wa bunge. Ili kurahisisha kazi, wakasema kila mtu aliyemo kwenye orodha ya walipa kodi wa halmashauri atapiga kura ya bunge. Waliandika "kila mtu", wakasahau kitu kimoja. Kwenye orodha hizo walikuwemo wanawake! Wajane wenye maduka, wajane wenye mashamba, wanawake wenye nyumba zao. Walikuwa wakilipa, kwa hiyo majina yao yalikuwemo. Ukaja uchaguzi mkuu wa 1864. Kule Castlemaine, mji wa dhahabu, gari la farasi likafika kituoni limejaa wanawake. Wakashuka mmoja mmoja, wakapiga kura, wakapanda, wakaondoka. Magazeti yakaliandika kama kioja.

Mwaka 1865 wakubwa waliliziba tundu hilo. Wanawake wa Victoria wakasubiri mpaka 1908 ndipo wakapata kura ya bunge la jimbo, wa mwisho katika majimbo yote ya Australia. Hebu fikirini, miaka arobaini na mitatu! Lakini kwenye halmashauri, yule mjane mwenye duka aliendelea kupiga kura muda wote huo. Mlango mdogo ulibaki wazi wakati mlango mkubwa umefungwa. Mama zangu, ndiyo maana siwezi kumsikiliza mtu anayesema halmashauri ni siasa ndogo.

Haya. Tuje nyumbani, Mildura.

Mkitazama mji huu leo mnaona nini? Mizabibu iliyopangwa kwa mistari, michungwa, milozi, nyasi za kijani mbele ya nyumba. Kisha mtu aendeshe gari nusu saa tu kuelekea kusini au magharibi. Anaona nini? Mchanga mwekundu, vichaka vya mallee, ile mikalitusi mifupi ya nchi kavu, na anga. Hiyo ndiyo nchi yenyewe ilivyo. Waswahili wamesema usione vyaelea, vimeundwa. Mji huu umeundwa kwa maji, na maji hayo yalipandishwa kutoka mtoni kwa pampu.

Mwaka 1885 mwanasiasa kijana aitwaye Alfred Deakin, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia mara tatu, alikwenda California kutazama umwagiliaji. Ukame ulikuwa umewamaliza wakulima wa Victoria. Huko akasikia habari za ndugu wawili kutoka Kanada, George na William Chaffey, waliokuwa wameanzisha vijiji vya matunda jangwani. Mwaka 1886 wakaja, wakaingia mkataba na serikali, wakapewa eneo kubwa la ardhi kavu hapa. Mwaka 1887 Mildura ikaanza. Je, mmewahi kujiuliza kwa nini mitaa yetu ina namba, mtaa wa saba, mtaa wa nane, mpaka wa kumi na tano na kuendelea? Ni mpangilio wa Kimarekani, walikuja nao hao ndugu. George alichora pampu mwenyewe, zikatengenezwa Uingereza, zikaletwa hadi hapa jangwani. Wataalamu wa kule walidhani hazitafanya kazi. Zilifanya.

Lakini serikali ya mitaa ilikuwa wapi? Ilikuwa Swan Hill, zaidi ya kilomita mia mbili juu ya mto! Reli hakuna, gari hakuna. Mtu wa Mildura akitaka daraja dogo litengenezwe, ombi lake linakwenda kwa farasi au meli ya mvuke, kwa madiwani ambao hawajawahi kuuona mtaro wake. Kwa hiyo mwaka 1890 Mildura ikakatwa kutoka Swan Hill ikawa Shire yake yenyewe.

Mngedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Maana huku halmashauri inashughulika na barabara, uhai wenyewe, yaani maji, ulikuwa mikononi mwa kampuni. Mwaka 1893 benki za Melbourne zikafunga milango. Mto ukashuka, meli zikakwama, matunda yakaoza kwa kukosa njia ya kwenda sokoni. Na mifereji ilikuwa ya udongo mtupu, inavuja. Mnawajua wale kamba wadogo wa maji baridi ambao vijana wetu huwavua kwenye mitaro? Hao walichimba mashimo kwenye kingo za mifereji, maji yakapotelea mchangani. Mkulima ameuza kila alichonacho Uingereza, amevuka bahari, amepanda mizabibu, sasa anakaa anatazama majani yakinyauka na maji yapo mtoni, anayaona kwa macho.

Kampuni ilianguka mwaka 1895. Tume ya Kifalme ikaja 1896 kuuliza kosa ni la nani. George akarudi Marekani. Na wakulima? Hapa ndipo nawaomba mtulie mnisikilize. Wakulima waliobaki walipata chombo chao cha maji, First Mildura Irrigation Trust, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1895. Kilikuwa na wajumbe wao wa kuwachagua wenyewe, wanaotoza ada ya maji, wanaolipa deni la serikali, wanaoamua siku ya kufungua mifereji. Chombo hicho kilidumu zaidi ya miaka mia moja, kikaja kuunganishwa na shirika la maji la Lower Murray Water mwaka 2008.

Ndiyo kusema watu wa Mildura walikuwa na halmashauri mbili, moja ya barabara na moja ya maji. Tena mkutano wa maji, nadhani, ndio uliojaza watu zaidi. Mtu halali usingizi maji yake yakichelewa siku tatu mwezi wa Januari.

William Chaffey yeye hakuondoka. Alifilisika kama wenzake, akabaki, akalima shamba lake kama mkulima wa kawaida. Wapo waliomchukia, na walikuwa na sababu zao. Lakini alikaa nao kwenye vumbi lilelile. Mji ulipotengwa na Shire mwaka 1920 ukawa na halmashauri yake, meya wa kwanza alikuwa yeye. Sanamu yake ipo Deakin Avenue, mnaipita kila siku mkienda madukani. Mwaka 1934 mji ukapandishwa kuwa jiji. Shire ya Mildura ikaendelea kuuzunguka kwa nje, na kusini kabisa, kwenye nchi ya ngano, ikawepo Shire ya Walpeup tangu 1911, makao yake Ouyen.

Sitapita kila mwaka. Niseme tu kwamba watu waliendelea kuja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaja askari waliorudi vitani, wakagawiwa viwanja Red Cliffs, wakang'oa visiki vya mallee. Baada ya Vita vya Pili wakaja Waitaliano, Wagiriki, watu wa Yugoslavia. Walikuja kama sisi tulivyokuja. Walichuma zabibu za watu wengine. Walichekwa kwa lafudhi zao na kwa vitunguu saumu. Kisha wakanunua viwanja, majina yao yakaingia kwenye orodha ya walipa kodi, wakaanza kwenda mikutanoni. Leo majina ya Kiitaliano yamefika hata kwenye umeya wa mji huu. Walikaa kwenye viti vya nyuma miaka mingi kwanza, wakisikiliza.

Sasa niingie kwenye jambo zito kidogo. Je, halmashauri inaweza kuchukuliwa?

Wazee wetu mnaikumbuka 1972. Kwetu Burundi mwaka huo wa mauaji una jina moja tu, na sitalifungua kidonda hilo jioni hii. Lakini mwaka huohuo, Tanzania iliyotupokea ilivunja halmashauri za wilaya. Madaraka yakapelekwa kwa maofisa waliotumwa kutoka juu. Nia ilikuwa kuleta maendeleo haraka. Halmashauri zikakaa kaburini zaidi ya miaka kumi, sheria ya kuzirudisha ikatungwa 1982, zikaanza kazi tena 1984. Kwa hiyo mtu akikwambia halmashauri ni kitu cha milele, wewe uliyetoka Kigoma au Tabora unajua sivyo.

Na hapa? Katiba ya Australia, ile ya 1901, haizitaji serikali za mitaa hata kwa neno moja. Halmashauri ni mtoto wa jimbo. Jimbo linaweza kuizaa na jimbo linaweza kuifuta. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 1974 kama wanataka kulitia jambo hili kwenye katiba, ikashindwa. Wakaulizwa tena 1988, ikashindwa vibaya. Mwaka 2013 kura ya tatu ilipangwa, ikaachwa kabla haijapigwa.

Wala hilo halikubaki maandishi tu. Mwaka 1992 Jeff Kennett akawa kiongozi wa serikali ya Victoria. Jimbo lilikuwa na madeni makubwa. Kulikuwa na halmashauri 210, nyingine ndogo sana, zimekaa vilevile tangu enzi za bodi za barabara. Serikali ikasema ni nyingi mno na zina gharama mno. Ndani ya miaka michache, kati ya 1993 na 1995, zile 210 zikabaki 78. Madiwani waliochaguliwa wakaondolewa, wakawekwa makamishna walioteuliwa na serikali. Kodi ya ardhi ikaamriwa ishuke kwa asilimia 20. Nusu ya matumizi ya halmashauri ikatakiwa ishindaniwe kwa zabuni. Uchaguzi ulirudi baadaye tu, 1996 na 1997.

Kwetu hapa ilifika Januari 1995. Jiji la Mildura, Shire ya Mildura na Shire ya Walpeup vikaunganishwa kuwa kitu kimoja, hii Mildura Rural City tunayoijua. Ndiyo halmashauri kubwa kuliko zote Victoria kwa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 22,000. Mnajua hiyo ni kiasi gani? Burundi yote, kutoka Ziwa Tanganyika hadi Muyinga, ina karibu 28,000. Na humu ndani hatufiki watu elfu sitini!

Niwe mkweli, kuunganisha kulikuwa na hoja. Mji na mashamba yake vilikuwa vinagombana kama mke na mume waliotengana lakini wanaishi nyumba moja. Greda moja likichonga barabara linageuza kwenye mpaka, ng'ambo lije greda la wenzao. Hilo halikuwa na maana, na mimi sitalitetea.

Lakini fikirini mji mdogo kama Ouyen, kilomita mia moja hivi kutoka hapa. Katika miji ya namna hiyo kote Victoria, ofisi ya halmashauri haikuwa ofisi tu. Dereva wa greda aliishi pale. Karani aliishi pale. Mhandisi aliishi pale, mkewe alifundisha shuleni, watoto wake walicheza mpira kwenye timu ya mji. Ukiondoa kazi sita, umeondoa familia sita. Shule inapoteza darasa, timu inakosa wachezaji, duka linafungwa saa saba mchana. Na mkulima anayetaka kusema neno, sasa anaendesha saa nzima na zaidi. Mnaona? Ni ombi lilelile lililotoka Mildura kwenda Swan Hill kabla ya 1890. Mildura iliyolia kwamba makao yako mbali, leo Mildura ndiyo makao yaliyo mbali.

Je, kilichounganishwa kinaweza kutenganishwa? Kinaweza, na mfano upo hapahapa Victoria. Mwaka 1994 Mansfield, mji wa milimani kaskazini-mashariki, uliunganishwa na Benalla ukawa sehemu ya Shire mpya iliyoitwa Delatite. Watu wa Mansfield hawakukubali. Waliandika, walikutana, walidai, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2002 Delatite ikagawanywa, Mansfield ikapata Shire yake tena. Zile 78 zikawa 79. Ni mji mdogo, si tajiri. Wenzangu, hao walijua majina ya madiwani wao.

Nimekaribia kumaliza, msichoke.

Tuko wapi sasa? Tangu 2016 serikali ya jimbo inaweka kikomo cha kiasi ambacho halmashauri inaweza kupandisha kodi kila mwaka. Mlipaji anafurahi, na mimi nikiwemo. Lakini barabara za kilomita za mraba 22,000 hazipungui kwa sababu kikomo kimewekwa. Kwa hiyo kila mwaka kuna mvutano wa nani apewe na nani asubiri. Lami ya Mildura au changarawe ya Murrayville? Bwawa la kuogelea au taa za mtaani? Mvutano huo unafanyika kwenye bajeti, na bajeti inapitishwa mbele ya watu baada ya watu kuulizwa maoni. Mbele ya watu waliofika.

Mwaka juzi baadhi yetu tulikuwa na shida ya mtaa usio na njia ya miguu. Akina mama wanasukuma vigari vya watoto barabarani, malori yanapita. Tulilalamika kanisani, tukalalamika kwenye sherehe, tukalalamika kwenye simu kwa Kirundi na Kiswahili. Hakuna aliyesikia, maana hatukumwambia anayehusika. Kisha mama mmoja, yupo humu ndani, simtaji, alikwenda na binti yake wa miaka kumi na tano kumsaidia Kiingereza, akauliza swali lake mbele ya madiwani. Sauti ilikuwa inatetemeka. Jibu halikuja siku hiyo, na njia yenyewe bado haijakamilika. Lakini mtaa ule sasa umo kwenye karatasi zao, na ofisa amekuja kuupima.

Sasa sikilizeni mambo ya utaratibu, haya ndiyo niliyotaka mwende nayo nyumbani.

Tangu uchaguzi wa 2024 halmashauri yetu ina kata tisa, kila kata diwani mmoja. Zamani madiwani wote tisa walikuwa wa wilaya nzima, ukitafuta wa kumwendea humpati. Sasa yupo mmoja wa kwako.

Kama wewe ni raia na umejiandikisha kupiga kura, umo kwenye daftari la halmashauri tayari. Karatasi itakuja kwa posta. Usiitupe pamoja na matangazo ya maduka! Kupiga kura ni lazima, asiyepiga bila sababu anatozwa faini.

Kama wewe si raia bado, lakini umenunua nyumba na unalipa kodi ya halmashauri, sikiliza vizuri: sheria ya Victoria inakuruhusu uombe kuandikishwa. Lazima uombe mwenyewe, hawakuandikishi wenyewe. Nilipousoma mstari huo nilikaa kimya muda mrefu. Nilimkumbuka baba na ile kamba yake barazani.

Na kama unapanga na si raia, kura bado huna. Lakini mkutano wa halmashauri uko wazi, hakuna anayekuuliza pasipoti mlangoni. Unaweza kukaa, kusikiliza, na kupeleka swali.

Uchaguzi ujao ni Oktoba 2028. Unaonekana mbali. Waliochuma zabibu hapa miaka ya 1950 nao waliona mbali.

Fomu za kuomba kuandikishwa ziko kwenye meza ya nyuma, karibu na chai. Kijana wetu pale mwenye shati la bluu atawasaidia kuzijaza, kwa Kiswahili, Kirundi au Kiingereza. Leteni karatasi ya kodi ya nyumba. Mkutano ujao wa halmashauri mimi nakwenda, na gari langu lina nafasi sita. Na wale wanne mlioinua mikono mwanzoni, naomba mbaki kidogo baada ya chai, mtuandikie majina ya madiwani ubaoni, kata kwa kata, ili kila mtu apige picha kwa simu yake kabla hajaondoka.